Taa Ambayo Mama Alitaka Kuiona

Mama yangu alikataa kupanda gari langu mpaka aione taa moja nyekundu ikiwaka, yeye akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni kwake. Lingekuwa jambo dogo kama mama angekuwa anaona vizuri. Lakini macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na safari yenyewe aliyokuwa akiikataa ilikuwa ya kwenda kufanyiwa upasuaji wa macho hayo.

Mama anaishi Kathiani, juu mlimani, ambako mwezi wa saba ukungu hulala barabarani hadi jua lipande. Mimi naishi mjini Machakos, na nilifundisha sayansi katika shule ya msingi mpaka nilipostaafu. Daktari wa macho tuliyepangiwa huja mjini mara moja kwa mwezi, siku ya Ijumaa, na wagonjwa wake hutakiwa kufika saa moja asubuhi kabla hawajala kitu. Ukichelewa, nafasi yako anapewa mwingine aliyekaa kwenye benchi akiomba uchelewe.

Najua unachotaka kuuliza: kwa nini mama asilale kwangu siku ya Alhamisi? Nilimwuliza swali hilohilo. Aliniangalia kana kwamba nimesahau nilikozaliwa. Kwa Wakamba wa umri wake, mama hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake. Hiyo ndiyo nthoni, heshima kati ya mkwe na mama mkwe, na mume wangu mwenyewe angelala kwenye gari kuliko kuivunja. Nilipotaja nyumba ya wageni, mama alisema hizo ni za watu wasio na kwao. Kwa hivyo ilibaki kuteremka alfajiri, na kuteremka alfajiri ni kupita kwenye ukungu.

Mara ya kwanza tulijaribu. Gari langu ni kuukuu, la aina ile ndefu yenye nafasi kubwa nyuma, na kwa kuwa lilitengenezewa nchi zenye ukungu, lina taa za ukungu mbili mbele na moja nyuma. Za mbele ziliwaka vizuri. Nikabonyeza kitufe cha ile ya nyuma, alama yake ikatokea kwenye dashibodi, nikajiendea kwa amani. Hatukuwa tumefika mbali niliposikia honi kama ya meli, kisha mlio wa breki. Lori la mchanga lilikuwa limesimama nyuma yetu, karibu kiasi kwamba ningeweza kulifuta vumbi bila kuondoka kwenye kiti. Dereva alishuka akaja dirishani.

"Madam, mbona hukuwasha ile nyekundu ya nyuma?"

"Nimewasha."

"Haijawaka. Na hizi zingine zako kwa hii ukungu ni kama njiti ya kiberiti. Nimekuona nikiwa tayari niko kwa bampa."

Mama haoni, lakini masikio yake hayajawahi kumwangusha. Alingoja dereva aondoke, akasema kwa Kikamba neno moja ambalo kwa Kiswahili ni "geuza". Nikageuza. Nafasi yake ikaenda kwa mtu wa kwenye benchi. Muuguzi alitupangia Ijumaa ya mwezi uliofuata, akanieleza kwa upole kwamba akikosa tena, jina lake litarudi mkiani mwa orodha, na orodha ni ndefu.

Hapo ndipo mama alipoweka sharti lake. Mimi na yeye tunaitana "mwaitu", yaani mama yangu. Mimi namwita hivyo kwa sababu ni mama yangu, na yeye ananiita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Mwaitu," alisema, "nitapanda siku nitakapoiona hiyo taa kutoka hapa mlangoni. Kama mimi na macho haya nitaiona, mtu wa lori ataiona."

Nilitaka kubisha. Nilitafuta kasoro kwenye hoja yake, mimi niliyefundisha watoto kufanya majaribio miaka yote hiyo, nikakosa. Lilikuwa jaribio zuri kuliko mengi niliyowahi kuyapanga darasani.

Basi nikaanza kutafuta ugonjwa wa taa, na ninakusimulia hatua kwa hatua kwa sababu huenda nawe una gari la umri huo. Usiogope. Taa ya gari si kitu cha ajabu, na ukiwa na subira utaielewa.

Taa ya ukungu ya nyuma huwaka kwa nguvu kama taa ya breki, ila yenyewe haingoji ukanyage. Hubaki imewaka mpaka uizime. Haikusaidii wewe kuona. Inamsaidia anayekufuata akuone. Na katika magari mengi haikubali kuwaka mpaka taa kubwa za mbele ziwe zimewashwa kwanza. Hili naliandika kwa aibu, kwa maana nilipoteza nusu saa nzima uani kwangu nikibonyeza kitufe, nikizunguka nyuma kutazama, nikirudi kubonyeza, huku taa kubwa zimezimwa. Mume wangu alikuwa akinitazama kutoka barazani na kikombe cha chai.

"Unafanya mazoezi ya mwili?" aliuliza.

Nilipowasha taa kubwa, nikabonyeza tena, taa ya nyuma haikuwaka vilevile. Angalau sasa nilikuwa na ugonjwa wa kweli wa kutibu.

Nilianza na balbu, kwa kuwa ndiyo rahisi. Unaitoa, unaielekeza kwenye mwanga, unatazama ule uzi mwembamba ndani. Ukiwa umekatika, au kioo kikiwa kimeingia weusi, umemaliza kazi. Uzi wangu ulikuwa mzima. Hata hivyo nikanunua balbu mpya, kwa sababu mtu akiwa na wasiwasi hununua vitu. Haikuwaka. Nikaenda kwenye fyuzi, vile vipande vidogo vya rangi vilivyopangwa chini ya usukani. Nazo kazi yake ni moja: umeme ukizidi, inaungua fyuzi badala ya waya. Nilichomoa ya taa ile, nikaona kile kijidaraja chake cha chuma ni kizima. Nikairudisha.

Siku ya Jumatano ya wiki yenyewe ya upasuaji, nikaenda mjini kwa fundi wa umeme wa magari. Ana kibanda kando ya gereji, na kisanduku cha vipuri ambacho ni yeye tu anayejua kilichomo.

"Mwalimu, hiyo ni rilei," alisema kabla sijazima injini.

"Umejuaje na hujafungua?"

"Magari ya umri huu, ni rilei kila siku."

Rilei ni kisanduku kidogo kinachopokea amri kutoka kwenye kitufe na kuupitisha umeme mkubwa uende kwenye taa. Alichomoa yangu, akachomeka nyingine. Tukazunguka nyuma pamoja. Giza.

"Basi ni swichi."

"Swichi ikiwa imekufa, alama ya kwenye dashibodi ingewaka?"

Alifikiri, akakubali kwamba labda isingewaka. Akaikuna shingo yake kwa bisibisi.

"Tuifunge na waya ya breki. Ukikanyaga breki, inawaka."

"Na nisipokanyaga?"

"Kanyaga kidogo kidogo mpaka Machakos."

Tulicheka sote, lakini nilijua hilo halitapita kwa mama. Fundi alikuwa na magari mengine matatu yanamngoja, na wenyewe walikuwa wameanza kukohoa kohoa. Akaniletea kifaa chake cha kupimia umeme, kinachoitwa testa. Kina ncha kama ya sindano, kibalbu kidogo ndani ya mpini, na waya wenye kibanio mwishoni.

"Mwalimu, chukua hii uende nayo. Mtu anayeuliza maswali kama wewe ataipata mwenyewe. Uniletee Jumatatu."

Alhamisi mchana nilikuwa uani kwa mama, Kathiani, mlango wa nyuma wa gari umeinuliwa. Mama aliketi kwenye kigoda akipukuchua mahindi kwa kugusa tu, bila kuyatazama. Upasuaji ulikuwa kesho yake. Niliwasha taa kubwa na kitufe, nikatoa balbu, nikakibana kibanio cha testa kwenye chuma safi cha bawaba ya mlango, na ncha yake nikaigusisha kwenye waya unaoleta umeme. Kibalbu cha testa kikawaka, nami nikaguna.

"Mbona umeguna?" mama aliuliza.

"Umeme unafika, mwaitu. Unafika mpaka kwenye taa."

"Sasa kwa nini taa haiwaki?"

Nilisimama pale na testa mkononi, na jibu likanijia kutoka darasani kwangu mwenyewe. Kila mwaka niliwapa watoto betri ya tochi, balbu na vipande viwili vya waya. Na kila mwaka kulikuwa na kikundi kilichofunga waya mmoja tu kutoka betri hadi balbu, kikakaa kungoja mwanga. Niliwaambia umeme si maji ya mfereji yanayoishia kwenye ndoo. Umeme lazima uende na urudi. Ukiuzibia njia ya kurudi, hauendi kabisa. Nami nilikuwa nimetafuta siku zote hizo njia ya kwenda tu.

Kwenye gari, njia ya kurudi ni bati lenyewe. Kila taa ina waya mfupi unaofungwa kwa bolti kwenye bati, na mafundi huuita waya wa ardhi ingawa haufiki ardhini. Nikakitoa kibanio kwenye bawaba, nikakibana kwenye waya mweusi wa kurudi wa taa ile, nikagusa tena kwa ncha palepale pa mwanzo. Kibalbu hakikuwaka. Hilo ndilo jibu, na ukilipata wewe siku moja, jipongeze: umeme unakuja, njia ya kurudi imekatika.

Nikakumbuka kitu kingine nilichokuwa nakiona na kukidharau. Taa ile ndogo inayomulika namba ya gari ilikuwa imefifia kwa muda wa wiki kadhaa. Nilidhani ni vumbi. Kumbe zote mbili zilikuwa zinarudi kwa bolti moja.

Nikaufuata waya mweusi kwa vidole. Ulizama chini ya zulia la sehemu ya mizigo. Nikalivuta zulia, na harufu ikanipanda puani.

"Hiyo ni mbuzi," mama alisema kutoka kwenye kigoda.

Na ilikuwa mbuzi. Mwezi wa tano kaka yangu alipeleka ntheo ya mwanawe, yaani wale mbuzi watatu wa kwanza ambao sisi hupeleka kwa wazazi wa msichana ili ijulikane kwamba tumemchumbia. Kaka hakutaka mbuzi wafike wamefungwa miguu na kujaa vumbi. Alitaka wafike wakiwa wamesimama, kama wageni wengine. Gari refu katika ukoo ni langu. Mfanyabiashara Msomali aliyetuuzia mbuzi hao mjini alinisaidia kuwapakia mmoja mmoja, akalitazama zulia langu kwa huruma.

"Mama, weka mchanga hapo chini," alisema. "Hawa wamekunywa maji mengi asubuhi."

"Ni mwendo mfupi."

"Kwako ni mfupi. Mbuzi hana saa."

Sikuweka mchanga. Tulipofika, wazee walisifu mbuzi, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikabaki na gari lililonuka kiasi cha kumfanya mume wangu aende kazini kwa miguu. Nikamwuliza mama nifanye nini. Akaniambia nifanye kama tunavyofanya kwenye zizi: nimwage majivu.

Nikamwaga majivu. Debe zima la majivu ya jikoni. Halafu nikarudisha zulia juu yake, na harufu ikapungua, nikajisifu.

Sasa nilikuwa natazama matokeo. Kojo la mbuzi na majivu na unyevu wa mwezi wa saba vilikuwa vimepikika pamoja chini ya zulia, vikaganda kama uji uliosahauliwa kwenye sufuria. Katikati ya ganda hilo la kijivu na kijani kulikuwa na bolti yangu. Nilipougusa waya mweusi, ulitoka wenyewe, ncha imeliwa yote.

"Mwaitu," nilisema, "ni majivu yako."

"Majivu yangu yamefanya nini?"

"Yamekula waya. Uliniambia nimwage."

"Nilikuambia umwage." Aliweka gunzi chini. "Kwenye zizi, baada ya kumwaga majivu tunafanya nini?"

Niliugeuzageuza ule waya mkononi.

"Tunafanya nini, mwalimu?"

"Tunafagia."

"Wewe ulifagia?"

Niliendelea na kazi. Nilifagia, nikaosha mahali pale kwa maji mara mbili, nikapakausha kwa kitambaa. Bolti ilitoka kwa spana namba kumi na maneno machache niliyoyasema kwa sauti ya chini. Nilisugua bati kwa msasa mpaka likang'aa kama kijiko kipya, kwa sababu njia ya kurudi inataka chuma kigusane na chuma, si kutu wala rangi. Nikakata sehemu iliyooza ya waya, nikamenya ngozi yake kidogo, nikabana kipete kipya cha shaba nilichopewa na fundi pamoja na testa, nikafunga bolti kwa nguvu. Mwisho nikamwomba mama mafuta yake ya mgando, yale anayojipaka mikononi, nikapaka juu ya bolti ili unyevu usirudi.

Nikawasha taa kubwa. Nikabonyeza kitufe. Ukuta wa ghala ukawa mwekundu.

"Imewaka!" nilipiga kelele. "Njoo mlangoni uone!"

Mama hakuinuka. "Sasa ni mchana. Ukungu uko wapi? Tutaona asubuhi."

Nililala vibaya. Ufundi sikuutilia shaka. Nilichokitilia shaka ni macho yake. Vipi kama taa inawaka vizuri kabisa na yeye haioni? Angebaki nyumbani kwa neno lake mwenyewe, na neno lake halirudi nyuma.

Saa kumi na moja asubuhi ukungu ulikuwa umejaa uani kama maziwa kwenye kibuyu. Nililisogeza gari mbele mpaka langoni, nyuma yake ikielekea jikoni, mahali ambapo mimi mwenyewe sikuweza kuuona mlango wa jikoni. Sauti ya mama ikanijia kutoka huko.

"Usiniambie! Washa na kuzima unavyotaka. Mimi ndiye nitakayesema."

Nikabonyeza. Nikahesabu pumzi zangu. Tatu, nne.

"Imewaka."

Nikazima.

"Imezimwa."

Nikaiacha imezimwa, nikasogeza mkono kwenye dashibodi kwa kelele ili adhani nimebonyeza.

"Unanidanganya. Hakuna kitu."

Nikabonyeza kweli.

"Hiyo hapo!" Na mara hii sauti yake ilikuwa na kicheko. "Hiyo hapo, mwaitu, naiona! Ngoja nifunge mlango."

Alitokea kwenye ukungu amevaa viatu vya kanisani na mkoba umening'inia mkononi. Alikuwa amejiandaa tangu zamani. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye taa, bila fimbo, bila kuuliza njia, akaishika kwa kiganja, kisha akapapasa ubavu wa gari mpaka mlango wake.

Njiani aliuliza swali moja tu, mara nyingi. "Yuko mbali?"

"Yuko mbali," nilimjibu kila mara, na ilikuwa kweli. Kwenye kioo nilimwona mtu wa nyuma yetu akija, taa zake zikikua, kisha akipunguza mwendo mwenyewe na kukaa mbali, kama mtu aliyebisha hodi na kungoja. Tulifika kabla ya saa moja. Kulikuwa na mama mmoja kwenye benchi aliyetutazama kwa masikitiko kidogo.

Walimlaza usiku mmoja. Jumamosi asubuhi nilipokwenda kumchukua, walikuwa wameshaondoa kitambaa kwenye jicho la kulia; la kushoto lingefanyiwa upasuaji baadaye. Alitoka akitembea polepole, akitazama kila kitu kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kuhamia. Alitazama uso wangu kwa muda mrefu.

"Umezeeka," alisema.

"Asante."

Kwenye maegesho alilizunguka gari. Aliona mikwaruzo yote na kuitaja mmoja mmoja. Kisha akasimama nyuma.

"Iwashe."

Ilikuwa jua kali, lakini niliwasha taa kubwa, nikabonyeza kitufe. Mama aliinama. Aliitafuta upande wa kushoto, akaitafuta katikati, mwishowe akaiona chini pembeni ya bampa, kipande cha plastiki nyekundu kisichozidi kisanduku cha kiberiti.

"Ni hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Hii hii?"

Nilimweleza kwamba mtoto wa jicho huutawanya mwanga, na taa ndogo huonekana imefura na kuwa kubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama wanafunzi wangu wazuri walivyokuwa wakinisikiliza.

"Mimi niliona kitu kikubwa kama ungo," alisema. Akatikisa kichwa, akaigusa taa kwa ncha ya kidole. "Ningejua ni kadogo hivi, saa hii ningekuwa jikoni kwangu."

Akafungua mlango mwenyewe, akaketi, akafunga mkanda.

"Zima basi," alisema, "betri isiishe."